Bomet Haigawiki

Usiku wa Agosti 24 kuamkia Agosti 25, mwaka 2019, Kenya ilihesabu watu wake kwa kanuni moja rahisi: kila mtu ahesabiwe pale alipolala. Mchuma chai aliyelala katika nyumba za kampuni alihesabiwa hapo hapo, hata kama kwao ni Busia. Mama aliyekuwa wodini katika hospitali ya Tenwek alihesabiwa Tenwek. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na tableti badala ya karatasi, na mwezi wa Novemba Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, likatoa matokeo. Kaunti ya Kericho ilikuwa na watu 901,777. Kaunti ya Bomet ilikuwa na watu 875,689.

Tangu siku hiyo namba hizo zimefanya kazi nyingi. Zimo katika mipango ya maendeleo ya kaunti zote mbili, zimo katika hesabu za kugawana mapato ya taifa, na wanasiasa huzitaja wakitaka barabara au hospitali. Karibu kila zinapotajwa huwa zimekatwa: laki tisa, au karibu laki tisa. Kwa bajeti ya dawa au madawati, kukata huko hakuna madhara. Ila namba ikishakatwa hubaki na ukubwa wake peke yake. Umbile lake, yaani namna inavyogawika au inavyokataa kugawika, hupotea pamoja na zile tarakimu za mwisho ambazo hakuna anayezisoma jukwaani. Wakulima wa chai wa kaunti hizo mbili, kama wale wa Konoin na Bureti, wangepaswa kuwa wa kwanza kulalamika, maana bonasi yao hutangazwa kwa shilingi na senti kwa kila kilo, na hakuna anayekubali senti hizo zikatwe.

Tarakimu hizo zikirudishwa mahali pake, jambo la ajabu linajitokeza. Namba ya Bomet ni tasa.

Maana yake ni kwamba 875,689 haigawiki kwa namba kamili yoyote bila kuacha baki, isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Kaunti ya Bomet ina maeneobunge matano na wadi 25. Watu hao wakigawanywa sawasawa katika maeneobunge matano, wanne wanakosa mahali. Wakigawanywa katika wadi 25, kila wadi inapata watu 35,027, na wanabaki 14. Wapangwe saba saba, kumi na tatu kumi na tatu, mia tano na tatu mia tano na tatu; daima kuna watu wanaobaki wamesimama nje ya mstari. Hakuna mpango wa makundi yaliyo sawa utakaowaingiza wote, labda wote wawe kundi moja, au kila mmoja awe kundi lake.

Kericho iko karibu na hali hiyo lakini haikuifikia. Namba yake, 901,777, ni 467 mara 1,931, na kila moja ya hizo mbili ni tasa. Ukiacha 1 na namba yenyewe, hakuna vigawo vingine. Watu wa Kericho wanaweza kupangwa katika makundi 467 ya watu 1,931, au katika makundi 1,931 ya watu 467, na mipango inaishia hapo.

Madai kama haya yanahitaji ushahidi, na uzuri wa ushahidi wenyewe ni kwamba mwanafunzi wa sekondari mwenye penseli na subira anaweza kuupata bila kumwamini mtu. Hana haja ya kujaribu namba zote hadi laki nane na zaidi. Namba ikigawika, basi ni zao la namba mbili, na ndogo kati ya hizo mbili haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Zidisha 935 kwa 935, unapata 874,225, pungufu ya watu wa Bomet. Zidisha 936 kwa 936, unapata 876,096, zaidi yao. Kwa hiyo kama Bomet ina kigawo kilichojificha, lazima kiwe 935 au chini yake. Tena hapana haja ya kujaribu 6 ikiwa 2 na 3 zimekwisha kushindwa, wala 15, wala 91. Namba tasa peke yake zinatosha, na zisizozidi 935 ziko 158.

Namna ya kuzipata namba hizo ni ya kale, na ni ya Mwafrika wa kaskazini kwa kuzaliwa. Eratosthenes alizaliwa Cyrene, katika nchi ambayo leo ni Libya, akasimamia maktaba mashuhuri ya Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Aliandika namba zote kwa mfuatano, kisha akafuta kila kigawe cha 2, halafu kila kigawe cha 3, halafu cha 5, na kuendelea, mpaka zikabaki zile zisizofutika. Aliyewahi kuingia kiwanda cha chai anaijua kazi hiyo: chai iliyokwisha kukaushwa hupitishwa kwenye chekecheke moja baada ya nyingine, kila moja na ukubwa wa matundu yake, mpaka BP1, PF1, PD na D1 zitengane, kila daraja na gunia lake.

Basi mwanafunzi anaanza. Kwa 7, Bomet inabakisha 3. Kwa 13, inabakisha 9. Kwa 17 inabakisha 2, na hapo moyo unaanza kudunda, kwani ilikosea kidogo tu. Kwa 101 inabakisha 19. Akifika 569 anakaribia kupiga kelele, maana 569 mara 1,539 ni 875,691, watu wawili tu zaidi ya waliohesabiwa. Anaendelea. Ya mwisho kabisa ni 929, nayo inabakisha 571. Anaweka penseli chini, na sasa anajua jambo kuhusu kaunti yake ambalo halimo katika ripoti yoyote ya serikali.

Kwa Kericho kazi ni fupi zaidi. Namba tasa 90 za kwanza zinashindwa, kuanzia 2 hadi 463. Ya 91 ni 467, na hiyo inaingia mara 1,931 bila kuacha kitu.

Lakini anayeifanya kazi ya Bomet kwa makini ataona kitu kingine njiani. Kwa 2, baki ni 1. Kwa 3, baki ni 1. Kwa 11, baki ni 1. Kwa 31, ni 1 tena. Kwa 107, ni 1. Mtu yule yule mmoja anakataa kuingia mstarini kila mara. Hebu aondolewe, iwe kwamba usiku ule alilala Narok kwa dada yake. Bomet inabaki na watu 875,688, na namba hiyo ni 8 mara 3 mara 11 mara 31 mara 107. Ina vigawo 64. Watu hao wangeweza kupangwa katika makundi 11 ya watu 79,608, au makundi 31 ya watu 28,248, au 107 ya watu 8,184, na hivyo hivyo kwa njia chungu nzima. Kutoka vigawo 64 hadi viwili, tofauti ni mtu mmoja.

Hapa ndipo hisabati inapoachana kabisa na takwimu. Kwa mtu wa takwimu, 875,688 na 875,689 ni kitu kimoja. Hakuna uamuzi wowote wa serikali utakaobadilika kati yake. Kwa hisabati, hizo ni namba mbili zisizo na udugu. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1. Kila kilichomo katika ile ya kwanza hakimo katika ya pili. Anayejua vigawo vyote 64 vya jirani amejifunza jambo moja tu kuhusu Bomet: kwamba hakuna hata kimoja, zaidi ya 1, kinachoingia humo.

Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu watu wenye jinsia mbili, huntha, katika safu yao wenyewe. Nchi nzima waliandikwa 1,524 kati ya watu 47,564,296. Bomet ilikuwa na wanaume 434,287, wanawake 441,379, na huntha 23. Kericho ilikuwa na wanaume 450,741, wanawake 451,008, na huntha 28. Katika jedwali, safu hiyo ya tatu inaonekana nyembamba mno kando ya zile mbili, na msomaji mwenye haraka anaweza kuiruka.

Ajaribu kuiruka, aone. Wanaume na wanawake wa Bomet peke yao ni 875,666. Hiyo ni namba shufwa, inagawika kwa 2 papo hapo, wala haina siri yoyote ya kutafutwa. Kericho nayo bila safu ya tatu ni 901,749, nayo inagawika kwa 3. Jumla ya tarakimu zake ni 30, na yeyote aliyesoma darasa la sita anaona hivyo bila kushika kalamu. Wale 23 wa Bomet ndio walioifanya namba ya kaunti yao kuwa tasa. Wale 28 wa Kericho ndio walioifanya ya kwao isigawike kwa namba yoyote ndogo kuliko 467, ila kwa 1. Hisabati haina upendeleo wa safu, na katika jambo hili imewaheshimu watu hao kuliko walivyozoea kuheshimiwa.

Vivyo hivyo kwa mpaka. Hadi 1992 Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho. Kama mpaka huo usingechorwa, namba zote mbili zingekuwa moja, 1,777,466, namba shufwa kama inavyokuwa daima witiri mbili zinapojumlishwa. Mpaka wenyewe unapita katikati ya mashamba, na watu huuvuka kila siku wakienda sokoni, kanisani au kazini. Mchuma chai mmoja angevuka jioni ile akalala upande wa Kericho, na namba zote mbili zingegeuka kwa pamoja: Bomet ingekuwa 875,688 yenye vigawo 64, na Kericho ingekuwa 901,778, shufwa.

Je, kupata namba tasa katika orodha ya kaunti ni muujiza? Hapana, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi, kwa sababu namba kubwa huvutia watu wanaopenda kuona ishara mahali ambapo hakuna. Chini ya milioni moja kuna namba tasa 78,498. Kadiri namba zinavyokua, tasa huwa adimu, lakini hupungua polepole sana; karibu na laki nane na tisa, wastani ni moja katika kila namba kumi na nne. Carl Friedrich Gauss aliuona mwenendo huo akiwa bado kijana, mwishoni mwa karne ya 18, na uthibitisho kamili ulikuja mwaka 1896. Kenya ina kaunti 47. Kwa wastani huo, katika sensa yoyote mtu angetarajia tatu au nne zipate namba tasa. Namba za aina ya Kericho, zao la tasa mbili, ni nyingi zaidi: chini ya milioni moja ziko 210,035, zaidi kidogo ya moja katika kila tano. Bomet ilipata bahati ya kawaida, kama anayezaliwa siku ya Ijumaa. Lakini bahati ya kawaida ikishaangukia mahali, inakuwa ya mahali hapo, na Bomet ina haki ya kuijua ya kwake.

Watu wa ukanda huu wameanza zamani kuweka alama za hesabu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mikwaruzo huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka elfu 20 hivi. Katika safu mojawapo mikwaruzo imepangwa katika mafungu ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ni namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20. Wengi wamevutiwa na jambo hilo, wakasema aliyechonga alizijua namba tasa. Ni vigumu kukubali. Ili mtu ajue namba tasa lazima kwanza awe na wazo la kugawanya, na safu nyingine za mfupa huo hazitoshi kuonyesha hivyo. Linalokubalika bila shida ni kwamba kuna mtu aliyekaa kando ya ziwa akahesabu kitu kwa uangalifu, na akataka hesabu yake idumu.

Kericho na Bomet ni nchi ya mistari. Anayesafiri kutoka Kapsoit hadi Litein, kisha akaingia Konoin, anaona kijani kilichopangwa mpaka upeo wa macho, na mpango huo una hesabu yake. Nafasi moja iliyozoeleka ya kupanda chai ni futi 4 kati ya mstari na mstari, na futi 2 na nusu kati ya mche na mche. Kila mche basi unapata futi 10 za mraba. Ekari ina futi za mraba 43,560, kwa hiyo miche inayoenea ni 4,356. Hii nayo ni namba ya kuitazama mara mbili. Ni 66 mara 66, mraba kamili. Imejengwa kwa 2, 3 na 11, kila moja mara mbili, na ina vigawo 27. Wachumaji 12 wakigawana ekari hiyo, kila mmoja anapata mashina 363. Wakiwa 18, kila mmoja 242. Wakiwa 36, kila mmoja 121. Hata ukiisoma kinyumenyume, 6,534, unapata ekari moja na nusu kamili. Namba karimu kuliko hii ni vigumu kuipata shambani.

Sasa apandiwe kila mtu wa Bomet mche mmoja kwa nafasi hiyo. Zitajaa ekari 201, na miche 133 itabaki kutafutiwa mahali. Kwa Kericho zitajaa ekari 207, na kubaki miche 85. Ekari, pamoja na ukarimu wake wote, haiwezi kuwapokea.

Lakini upo mpango mwingine, na huo ndio uliofanya watu wengi wazipende namba tasa maisha yao yote. Siku ya Desemba 25, mwaka 1640, mwanasheria Mfaransa Pierre de Fermat alimwandikia Marin Mersenne barua. Alidai kwamba kila namba tasa inayobakisha 1 ikigawanywa kwa 4 inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, na kwa njia moja tu. Hivyo 13 ni 4 na 9, 29 ni 4 na 25, 41 ni 16 na 25. Hakuacha uthibitisho, aliyeuleta ni Leonhard Euler, zaidi ya miaka 100 baadaye. Namba ya Bomet inabakisha 1 ikigawanywa kwa 4. Kwa hiyo Fermat, ambaye hakuwahi kusikia jina la Bomet, alikuwa amekwisha kuitolea hati: ipo miraba miwili inayowatosha watu wake wote bila mmoja kubaki nje, na ni miwili tu.

Miraba hiyo ni ya 780 kwa 780 na ya 517 kwa 517. Shamba la kwanza lina mistari 780 yenye miche 780 kila mmoja, jumla 608,400. La pili lina mistari 517 yenye miche 517, jumla 267,289. Jumlisha: 875,689. Watu ambao hawakukubali kugawanywa kwa makundi yoyote yaliyo sawa wanaingia wote, mpaka wa mwisho, katika mashamba mawili ya mraba. Na mtu akihangaika mwaka mzima kutafuta jozi nyingine hataiona, kwa kuwa haipo.

Kericho haiwezi hata kidogo. Hilo linashangaza, kwani nayo 901,777 inabakisha 1 ikigawanywa kwa 4, na kwa nje inafanana na ya jirani yake. Kizuizi kiko ndani. Vigawo vyake viwili, 467 na 1,931, kila kimoja kinabakisha 3 kikigawanywa kwa 4, na vigawo vya aina hiyo huziba njia ya miraba miwili isipokuwa kila kimoja kijirudie mara mbili, nne, au idadi nyingine shufwa. Hapa kila kimoja kipo mara moja tu. Anayetaka kuipanda Kericho kwa miraba atalazimika kutoa badala ya kujumlisha: apime shamba la mistari 1,199 yenye miche 1,199, kisha kwenye kona akate mraba wa 732 kwa 732 usipandwe kitu. Miche 1,437,601 ukitoa 535,824 inabaki 901,777. Kaunti mbili zilizokuwa wilaya moja, zenye udongo mmoja na mvua moja, na namba zake zimejengwa kwa namna mbili tofauti kabisa.

Umbile hili la Kericho lina kazi duniani. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa MIT nchini Marekani, walibuni njia ya kuficha ujumbe iliyojengwa juu ya jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili ni rahisi, kurudi nyuma ni kugumu. Mtoto aliyepewa 467 na 1,931 atazizidisha kwa dakika moja. Aliyepewa 901,777 peke yake, bila kudokezwa, lazima ajaribu namba tasa 90 bure kabla ya kufika. Njia yao, RSA, bado inalinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, zikiwemo tovuti za benki, kwa namba zenye umbile lile lile la Kericho ila ndefu zaidi. Namba ya kawaida ya RSA siku hizi ina tarakimu 617. Mwezi Februari 2020 watafiti walitangaza kwamba wameipasua moja yenye tarakimu 250, baada ya kazi ya kompyuta ambayo kiini kimoja cha prosesa kingeifanya kwa miaka ipatayo 2,700. Ile ya tarakimu 617 bado haijaguswa.

Linabaki swali moja zito, na halifai kukwepwa. Hakuna sensa duniani isiyomkosa mtu. Katika kaunti yenye mabonde na misitu, na vibarua wanaohama kufuata majani, ni karibu hakika kwamba kuna nyumba iliyorukwa au mtu aliyehesabiwa mara mbili. Tena watoto walizaliwa asubuhi ile ile ya Agosti 25, na wazee walifariki. Basi utasa ni wa nani? Si wa watu wa Bomet kama walivyo, kwa kuwa idadi yao ya kweli hubadilika kabla ya kalamu kukauka. Ni wa namba iliyochapishwa. Lakini namba hiyo haikutoka hewani. Ilitoka kwa makarani waliobisha hodi mlango kwa mlango, na kila mtu aliyeandikwa akaongeza 1. Kosa jingine lolote, liwe dogo kiasi gani, lingetoa namba nyingine kabisa, na kwa uwezekano mkubwa isingekuwa tasa. Namba iliyopo ni ile iliyopatikana kwa milango hiyo, kwa mpangilio huo, na inastahili kusomwa hadi tarakimu ya mwisho.

Shule za Kericho na Bomet zinafundisha vigawo na namba tasa tangu msingi, kwa kawaida kwa namba kama 36 na 91 zisizo za mtu yeyote. Hakuna kinachozuia mwalimu wa Mogogosiek au Kipkelion kuandika namba ya kaunti yake ubaoni na kuligawia darasa kazi: safu hii ijaribu namba tasa zilizo chini ya 100, ile kati ya 100 na 300, wengine waendelee. Darasa la wanafunzi 40 lingezimaliza zile 158 za Bomet katika vipindi viwili, na lingejua kwa mkono wake lenyewe.

Kenya imehesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu 1969, na utaratibu ukishikwa, sensa nyingine itakuwa 2029. Bomet ikifika milioni moja, orodha ya kujaribu itarefuka kidogo tu, kutoka 158 hadi namba tasa 168 zisizozidi 1,000. Namba mpya ikiishia na tarakimu shufwa au 5, habari itakuwa imekwisha hapo hapo. Ikiishia na 1, 3, 7 au 9, uwezekano wa kuwa tasa unapanda hadi karibu mmoja katika tano au sita, na penseli zichongwe.